Kwenda naye Moshi si kumpa likizo

SWALI: Dada wetu wa kazi tunaishi naye hapa Tabata tangu mwezi wa pili mwaka juzi. Tulimtoa kwao Iramba. Mshahara wake ni shilingi 100,000, na chakula, malazi, sabuni, vyote viko juu yetu. Sasa anaomba mwezi mzima aende nyumbani. Mume wangu anasema likizo alishapata: Krismasi tulikwenda naye Moshi siku kumi, na mwaka jana bibi yake alipofariki tulimpa siku tisa. Mimi ninachoogopa ni kwamba wenzangu wengi walioruhusu mabinti zao hawakuwaona tena. Je, sheria inanibana? Nikimruhusu, nimlipe mwezi ambao hayupo? Nauli ni ya nani? Na kuna ubaya nikimshikia nusu ya mshahara mpaka arudi? – Mama Wawili, Tabata

JIBU: Mama Wawili, majibu mafupi kwanza, maana najua una watoto na muda ni wa kuiba. Ndiyo, sheria inakubana. Ndiyo, mwezi huo unalipwa, tena unalipwa kabla hajapanda basi. Mshahara usimshikie hata senti. Nauli ina maelezo yake, nitaifikia. Na mume wako, kwa heshima zote, kwenye Moshi amekosea kabisa, ila kwenye msiba amepatia kidogo.

Tuanze na sheria yenyewe, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 watu huidhani ni ya viwandani na maofisini. Siyo. Inamgusa kila mwajiriwa wa Tanzania Bara, na walioachwa nje wametajwa kwa majina: Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na JKT. Jikoni kwako hakumo kwenye orodha hiyo. Binti anayelala chumba cha nyuma na kuamka saa kumi na moja kuwasha jiko ana haki ileile ya likizo aliyonayo mhasibu wa benki.

Na haki hiyo ni siku 28 mfululizo kwa kila miezi kumi na miwili ya kazi. Ni siku za kalenda, kwa hiyo Jumapili zimo na sikukuu zikiangukia humo zimo pia. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita bado hajaanza kudai likizo ya malipo, lakini wako amevuka huko zamani. Kupanga tarehe ni kazi ya mwajiri. Ukitaka aondoke mwezi wa sita shule zinapofungwa badala ya mwezi wa tano, una haki ya kusema hivyo. Ila kupanga si kuahirisha bila mwisho: likizo ya mwaka itolewe ndani ya miezi sita baada ya mwaka huo kuisha, au ndani ya miezi kumi na miwili kama mfanyakazi mwenyewe ameridhia na kazi kweli inadai hivyo.

Sasa Moshi. Niliwahi kukaa kwenye usuluhishi wa shauri moja, mwajiri akaja na simu iliyojaa picha za safari ya familia kwenda ufukweni. Alitaka kuthibitisha kwamba binti alistarehe. Picha zilikuwa kumi na moja. Tukazipitia moja baada ya nyingine, na katika kila picha aliyokuwemo, binti alikuwa na mtoto mgongoni, au ameshika chupa ya maziwa, au ameinama anafuta mchanga kwenye miguu ya mtu mwingine. Mwajiri mwenyewe aliziangalia mpaka ya saba hivi, akaizima simu.

Nakuuliza, Moshi nani alikuwa anaamka na mtoto? Nani aliosha sufuria za pilau ya Krismasi, wageni wa ukoo mzima walipokuja kwa bibi? Kama jibu ni dada, basi alikuwa kazini, tena kazini penye watu wengi kuliko Tabata. Kwa sheria yetu, mfanyakazi aliye likizo hatumikishwi bila ridhaa yake na malipo yake. Shirika la Kazi Duniani nalo, lilipopitisha Mkataba Na. 189 wa wafanyakazi wa majumbani mwaka 2011, liliambatanisha Pendekezo Na. 201 linalosema hivyohivyo: muda ambao mfanyakazi amefuatana na familia kwenye mapumziko yao usihesabiwe kuwa likizo yake. Pendekezo ni mwongozo tu, halina nguvu ya sheria, lakini hapa linaungana na sheria ya nyumbani. Mkataba wenyewe unaongeza kwamba mfanyakazi anayeishi kwa mwajiri asilazimishwe kubaki nyumbani humo, wala kukaa na familia hiyo, wakati wa mapumziko yake.

Ndiyo maana kwa anayelala kazini mimi hutumia kipimo kimoja. Mhasibu wa benki akiwa likizo na akabaki kwake, kazi haimfuati, imebaki ofisini. Dada akibaki kwako, mtoto akilia saa nane usiku hatamuuliza mama kama yuko zamu au yuko likizo. Atalilia kwa aliyemzoea. Likizo ya dada inaanza anapotoka geti lako. Kuna wasio na pa kwenda, yatima au waliogombana na kwao, na hao wanaweza kukaa chumbani mwao kwa siku hizo. Lakini basi ufagio umshike mwingine, na hilo nimeliona likifanikiwa katika nyumba chache mno.

Msiba ni habari nyingine. Kwa kifo cha babu au bibi, mzazi, ndugu wa kuzaliwa naye, mume au mke, mtoto au mjukuu, mfanyakazi anapata angalau siku nne za malipo, na unaweza kudai uthibitisho wa maana kwamba msiba upo. Siku hizo hazichotwi kwenye zile 28. Mwajiri haruhusiwi kumpa mtu likizo ya mwaka mahali pa likizo nyingine anayostahili. Kwa hiyo katika zile tisa mlizompa, nne ni za bibi yake. Tano zilizobaki mngeweza kuziita za mwaka kama mlikubaliana naye siku ile. Kama hamkusema kitu, mlimwambia tu "nenda ukazike", mimi nisingeziandika. Kwa mshahara wa 100,000 siku moja ya kazi ni shilingi 3,846 hivi. Siku tano hazifiki 20,000. Usijenge kesi kwa bei ya chipsi kuku mbili na soda.

Hesabu yake basi. Mwaka wa kwanza uliisha mwezi wa pili mwaka jana: siku 28, hajazipata. Mwaka wa pili umeisha mwezi wa pili mwaka huu: siku 28 nyingine, na hizi ndizo anazoziomba sasa. Hakuombi fadhila. Hizi mpe zote, kabla ya mwezi wa nane haujaisha, maana ndio mwisho wake.

Zile za mwaka wa kwanza ndizo zenye utata. Sheria inaruhusu mfanyakazi, kwa ridhaa yake, afanye kazi wakati wa likizo yake na alipwe mshahara wa mwezi mmoja badala yake, kwa sharti kwamba asipitishe miaka miwili mfululizo bila kupumzika. Wewe umefika huko, na hukumlipa. Kuna pia kifungu ambacho waajiri wenye mawakili hukikimbilia, kwamba likizo isiyochukuliwa ndani ya muda wake haidaiwi fedha. Nakuomba usikikimbilie. Anayepanga tarehe ni mwajiri, kwa hiyo mwajiri aliyekaa kimya miaka miwili halafu akasema "muda wako umepita" anakuwa kama aliyefunga mlango kisha akamlaumu mgeni kwa kutoingia. Ukiniuliza mimi, mlipe 100,000 ya mwaka ule, kwa maandishi, asaini. Au mgawanye: nusu sasa, nusu mwezi wa tisa. Akikubali kwa hiari yake, limekwisha.

Na malipo ya mwezi ambao hayupo? Mshahara wa likizo ni ule ambao angelipwa kama angekuwa kazini, na hutolewa kabla likizo haijaanza. Watu wengi hushangaa hapa: "Namlipa na dada wa muda, nimlipe na yeye?" Ndiyo. Mwaka mzima aliokutumikia ulikuwa unazaa siku hizo kidogokidogo, sasa anazichuma. Niongeze jambo ambalo halisemwi sana. Neno ujira katika sheria hii linabeba fedha na vitu. Dada wa kulala ndani sehemu kubwa ya ujira wake ni sahani na kitanda, na mwezi wa Iramba sahani hiyo hali. Ukimwongezea chochote cha chakula, hata kama ni unga na mafuta ya kupeleka kwao, utakuwa umesoma sheria vizuri kuliko mawakili wengi.

Tuje kwenye hofu yako, kwa sababu nadhani hiyo ndiyo iliyoandika barua. Unataka kushika nusu ili arudi. Mbali na kwamba hairuhusiwi, fikiria inavyoonekana kutoka upande wake. Binti yuko kwenye kituo cha Magufuli pale Mbezi saa kumi na moja alfajiri, mkononi ana 50,000. Mama yake anangoja hela ya mbegu, mdogo wake anadaiwa sare. Miaka miwili kijijini wanajua yuko Dar es Salaam kwa watu wenye uwezo. Anafika na nusu. Hapo hasemi "nusu ipo Tabata, nitaifuata". Anasema "yule mama hajanilipa", na shangazi anamjibu kuna nyumba Dodoma wanatafuta msichana.

Nimesikiliza mabinti wengi waliokimbia. Karibu wote waliondoka kwa mlango uleule wa Krismasi, na sababu ilikuwa kwamba ndio mlango pekee uliowahi kufunguliwa. Mtu asiyejua kama atatoka tena lini, akitoka hutoka moja kwa moja. Anayejua kwamba kila mwezi wa sita anakwenda kwao siku 28 na mshahara mfukoni hana haja ya kutoroka. Sisemi wote watarudi. Wengine wanaolewa, wengine wanapata cherehani, na hiyo ni haki yao. Ila begi lisibaki kama rehani. Wala simu, wala kitambulisho cha NIDA. Hayo si mali yako.

Na asiporudi, usiseme umetapeliwa likizo. Siku 28 zile zilikuwa za mwaka uliokwisha, alishazifanyia kazi. Anaweza hata kukudai kidogo cha mwaka huu mpya ulioanza. Kila siku 13 za kazi zinazaa siku moja ya malipo ya likizo, hivyo siku 78 alizofanya tangu mwezi wa pili zina siku sita ndani yake, kama 23,000 hivi.

Kinyume chake nacho kipo, na ndicho kinachonikera zaidi. Binti yuko kwao wiki ya pili, simu inaingia ujumbe: "Usirudi, tumepata mwingine." Notisi ya kuachishwa kazi haitolewi mtu akiwa likizo, wala haiendi sambamba na siku za likizo. Ujumbe huo mmoja unaweza kukuletea madai ya notisi ya siku 28, kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka uliotimia, na fidia ya kuachishwa isivyo halali juu yake. Kama umemchoka, mwambie uso kwa uso akiwa kazini, kwa sababu inayoeleweka, na mfuate utaratibu.

Nauli sasa. Ajira ikikoma, mwajiri anatakiwa amrudishe mfanyakazi na mizigo yake mahali alipomwajiri, au ampe fedha ya safari hiyo, na amgharamie siku anazokaa akingoja kusafirishwa. Nyinyi mlimtoa Iramba, kwa hiyo ni Iramba. Angekuwa mmempata kwa jirani hapohapo Tabata ingekuwa hadithi nyingine. Nauli ya likizo ni bora iandikwe kwenye mkataba. Kama haikuandikwa, mimi ningemkatia tiketi ya kwenda na kurudi, na ile ya kurudi ningempa mkononi. Ni dhamana nzuri kuliko nusu mshahara.

Hukuniuliza kuhusu Jumapili, lakini nahisi nikikaa kimya nitakuwa nimekudhulumu. Likizo ya mwaka ndiyo inayogombaniwa, ila siku ya wiki ndiyo inayoibwa kimyakimya. Kila wiki dada anatakiwa kupata saa 24 mfululizo ambazo si zako. Aende kanisani, akasukwe, akalale kwa rafiki yake Kimara, si juu yako. Akikubali kufanya kazi siku hiyo, kila saa inalipwa mara mbili ya mshahara wa kawaida. Sikukuu za kitaifa ni vilevile. Kwa 100,000 na wiki ya saa 45, saa moja ni kama shilingi 513. Iddi akikupikia biriani tangu asubuhi, saa nane, hizo ni shilingi 8,200 hivi juu ya mshahara. Unaona ni ndogo? Ni ndogo. Ndiyo maana sielewi kwa nini hazilipwi.

Usiku pia una sheria. Mfanyakazi wa kawaida hupumzika saa 12 mfululizo kati ya siku na siku. Kwa anayeishi mahali pa kazi zinaweza kushushwa hadi nane, na waajiri wanaojua kifungu hiki hukipenda sana. Basi zihesabuni kweli: akifunga mlango wa jiko saa tano usiku na kuamka saa kumi na moja, hizo ni saa sita, na kifungu hakikuokoi.

Akiugua, sheria inampa hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara, kwa cheti cha daktari. Akipata ujauzito, ni siku 84 za malipo, au 100 kama ni mapacha. Hapa nyumba nyingi humfungashia virago wiki ileile. Ni kosa, na ni kosa linalolipiwa.

Yote haya yanahitaji karatasi. Mwajiri ndiye anayetakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na kama hasomi vizuri, kumsomea kwa lugha anayoielewa. Mkifika mbele ya msuluhishi bila karatasi, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana unakuwa wako, si wake. Huhitaji mwanasheria. Chukua daftari kubwa la mistari, andika: "Mimi fulani nimempa fulani likizo ya mwaka ya siku 28, kuanzia tarehe 2 Juni hadi tarehe 29 Juni. Atarudi kazini tarehe 30 Juni. Nimemlipa shilingi 100,000 ya likizo na nauli ya kwenda na kurudi." Tarehe, saini mbili, dole gumba kama hajui kuandika. Tengenezeni nakala mbili, moja aende nayo. Ukilipa kwa simu, usifute ujumbe.

Na kama kuna dada anayesoma haya kwa simu ya bosi wake: usuluhishi unaombwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, kwa kujaza fomu. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 tangu alipoachishwa, madai mengine siku 60. Chama cha wafanyakazi wa majumbani ni CHODAWU, wanajua njia za huko. Afisa kazi wa mkoa naye yupo.

Wanaonisoma kutoka Zanzibar watazame Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005, ya kwao ni tofauti. Walio Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inawapa siku 21 za kazi zenye malipo kila mwaka. Mkikubaliana kuzigawa, kipande kimoja kiwe angalau wiki mbili mfululizo.

Jambo moja la mwisho kwako, Mama Wawili, na hili halimo kwenye sheria yoyote. Tafuta dada wa muda wiki moja kabla, si siku ya safari. Wakae pamoja siku mbili tatu, huyu amwonyeshe yule dawa ya mtoto iko wapi na gesi inafungwaje. Vinginevyo siku ya tatu utampigia simu Iramba kumuuliza kifuniko cha blenda kiko wapi, na ya nne utampa mtoto simu "amsalimie dada", na ya sita utamuuliza kama hawezi kurudi mapema kidogo.